Si Kila Kilichopinda Kimekaliwa

Miongoni mwa itikadi ambazo watu wa zama zetu wamezipokea bila ya kuzitia katika mizani, hapana iliyo nyepesi kutamkwa na nzito kuondolewa kama hii: kwamba kishikwambi kikionekana kimepinda, basi aliyekipinda ni mwenyewe. Husemwa na karani wa duka kabla hajakigeuza upande wa pili. Husemwa na fundi wa Kariakoo aliyeinamia bisibisi zake. Husemwa na mke, na shemeji, na jirani aliyepita kuomba chumvi tu. Na mwisho, na hili ndilo la kusikitisha, husemwa na mwenye mali mwenyewe, ambaye hujikuta akitubia dhambi asiyoikumbuka.

Mimi ni mmoja wa waliotubia. Kishikwambi changu, nilichokinunua kwa fedha taslimu na kukitunza kwa hadhari ambayo jamaa zangu huiita ubahili, kilikuwa kimetimiza mwezi wa saba mikononi mwangu; asubuhi moja nikakilaza mezani ili nisome, nikagusa pembe ya kulia, na pembe ya kushoto ikainuka, kikawa kinayumba kama mtumbwi uliofungwa gatini wakati wa maji kujaa. Nilikipeleka kwa wakala pamoja na risiti, na boksi, na kadi ya dhamana iliyokuwa ingali na miezi mitano ya uhai. Kijana wa kaunta alinipa shikamoo kwa adabu, nikamwitikia. Akakipokea, akakitazama kwa muda usiozidi wa kupiga chafya, akanirudishia.

"Hiki kimekaliwa, mzee wangu," akasema. "Waranti haihusiki na kitu kilichokaliwa."

Nikaustaajabia ufundi wa sarufi yake, kwani alitumia kauli ya kutendwa, ambayo kwa heshima yake haimtaji mtenda. Macho yake ndiyo yaliyomtaja. Njiani kurudi nyumbani nilikumbuka kila kiti, kila godoro na kila siti ya daladala niliyopata kuikalia tangu Ramadhani, nikaviachilia vyote kimoja kimoja kwa kukosa ushahidi.

Hukumu ile ilikuwa batili, nami ningeiita batili hata kama aliyehukumiwa angekuwa hasimu yangu. Msingi wake ni dhana ya kale juu ya chuma. Babu zetu walikijua chuma katika shoka, nanga na mtaimbo, na mtaimbo haupindi ila kwa nguvu za mtu mwenye kusudi. Tulichokishika sisi leo si mtaimbo. Aghalabu ni bamba la alumini, madini mepesi na laini, lililochongwa ndani likabaki ganda, kisha ganda hilo likajazwa betri bapa, likafunikwa kioo, na ubavuni likatobolewa vitundu vya sauti na vya chaji, ambavyo kila kimoja ni mahali pa udhaifu. Wahandisi wana kanuni ambayo muuzaji haiandiki juu ya boksi, nayo ni kwamba ukakamavu wa bamba hufuata mchemraba wa unene wake. Ukilipunguza unene kwa nusu, hali nyingine zikiwa sawa, uwezo wake wa kukataa kupinda haubaki nusu, hubaki thumuni. iPad ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na unene wa milimita 13.4. iPad Pro ya mwaka 2018 ilikuwa na milimita 5.9. Msomaji na apige hesabu mwenyewe, kisha aniambie ni mteja gani wa Tandika au wa Likoni aliyeulizwa kama anataka wembamba huo kwa bei hiyo ya nguvu.

Na ushahidi ulio mkubwa kuliko wote haukutoka kwa mnung'unikaji yeyote. Ulitoka kinywani mwa mtengenezaji. iPad Pro hiyo iliingia sokoni tarehe 7 Novemba 2018, na haukupita muda mrefu baadhi ya wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba wamekuta mpindo katika kifaa kilichotoka ndani ya boksi. Mwezi wa Desemba kampuni ya Apple ikakiri kwamba ni kweli, baadhi yake hutoka vikiwa na mpindo mdogo, kwamba jambo hilo ni athari ya namna vinavyoundwa, na kwamba hiyo si kasoro. Dan Riccio, aliyekuwa mkuu wa uhandisi wa vifaa katika kampuni hiyo, akaeleza kuwa kipimo chao kinaruhusu kifaa kutoka katika unyoofu kwa kiasi kisichozidi maikroni 400, yaani sehemu nne katika kumi za milimita moja, unene usiofikia ule wa karatasi nne. Na mwezi wa Januari 2019 kampuni ikayaandika maelezo ya kipimo hicho kwa wateja wake wote.

Hapa naomba tutulie kidogo. Ikiwa kiwanda chenyewe chakiri kuwa kuna mpindo unaozaliwa pamoja na kifaa, basi duniani kuna mpindo ambao hapana kalio lililoufikia, na kwa hiyo neno "kimekaliwa", likitamkwa pasipo kupima, ni uzushi. Siwalaumu Apple kwa kutaja kipimo; kipimo kilichotajwa ni bora mara mia kuliko jicho la karani, maana dhidi ya kipimo mtu huweza kuleta rula, ilhali dhidi ya jicho hana la kuleta ila machozi. Ninacholaumu ni ile mizani ya nyuso mbili ambayo biashara yote ya vifaa hivi imeizoea: mpindo ukitoka kiwandani huitwa tofauti ndogo iliyo ndani ya kiasi, na mpindo huo huo ukigunduliwa na mteja huitwa uzembe.

Wala jambo hili halikuanzia kwenye vishikwambi. Septemba 2014, zilipotoka simu za iPhone 6 na 6 Plus, palizuka kelele kwamba zinapinda mifukoni, na kampuni ikajibu kwamba katika siku sita za kwanza za mauzo ni wateja tisa tu waliowasiliana nayo kwa 6 Plus iliyopinda. Walimwengu wakacheka, wakawacheka wenye suruali za kubana. Miaka minne baadaye, katika shauri lililokuwa mbele ya Jaji Lucy Koh kule California, ikadhihirika kutokana na nyaraka za ndani za kampuni yenyewe kwamba vipimo vyake vilikuwa vimekwisha kuonyesha kuwa iPhone 6 yaelekea kupinda mara 3.3 zaidi ya iPhone 5s iliyoitangulia, na 6 Plus mara 7.2. Waliochekwa hawakuombwa radhi.

Tena ipo sababu nyingine ambayo katika nchi zetu za joto yastahili kutajwa kwanza, nayo ni betri. Betri ya lithiamu iliyochakaa, au iliyozaliwa na hitilafu, au iliyopikwa na jua juu ya dashibodi ya gari, huzalisha gesi ndani ya mfuko wake; mfuko huvimba kama andazi ndani ya mafuta, na kwa kuwa ganda la kishikwambi halina nafasi ya kumpisha mgeni, mgongo hubinuka na kioo huanza kuachana na fremu. Mwenye kuutazama mgongo huo kwa haraka ataapa kuwa umekaliwa, kumbe umesukumwa kutoka ndani. Kifaa cha namna hiyo hakifai kuchajiwa tena, na hatari iliyo kubwa kabisa ni ile ya mtu kujaribu kukinyoosha gotini, kama anyooshavyo fimbo ya pazia, kwani betri ikitoboka huweza kuwaka moto.

Sikatai kwamba wako wanaovikalia. Wako pia wanaovilalia, wanaowapa watoto wavifanye sinia, na wanaovibana chini ya magunia ndani ya buti. Hao dhamana haiwahusu, na hawana haki ya kumsingizia mtengenezaji. Lakini tangu lini kuwako kwa wezi mjini kumekuwa ni burhani kwamba kila apitaye usiku ni mwizi?

Dhulma hii ina uzito zaidi kwa sababu kishikwambi si anasa tena. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu kwa vishikwambi, na vilipomaliza kazi hiyo wakagawiwa walimu, wavitumie katika kufundisha. Leo kifaa hiki kimo kabatini mwa shule za mbali ambako duka la wakala halijapata kuonekana. Mwalimu aliyekabidhiwa mali ya umma, akaikuta asubuhi imebinuka mgongo, ataripoti nini, na ataaminiwa na nani, ikiwa mkuu wake na mkaguzi wake wote wamelelewa katika itikadi kwamba kilichopinda kimepindwa? Atanyamaza, akifunge kwa mpira, aendelee kukichaji.

Wenye kufanya tijara katika mwambao huu hawakuwa wakiamua mambo kwa kutupa jicho. Fikihi ya biashara inaijua vizuri mas'ala ya bidhaa yenye aibu, na humpa mnunuzi khiyari ya kuirudisha ikiwa aibu hiyo ilitangulia kabla hajaipokea. Sitaficha kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, bayii na mushtarii, yaani muuzaji na mnunuzi, wakigombania kama aibu ni ya zamani au imezuka kwa mnunuzi, na yote mawili yakawa yamkinika, anayesadikiwa ni muuzaji. Hoja hiyo yaonekana kunipinga, nami naipokea kwa mikono miwili, maana ina sharti: husadikiwa kwa yamini. Ataapa kwanza! Basi kati ya hao wanaoturudishia vishikwambi vyetu juu ya kaunta kwa neno moja, nani ameapa? Nani amethubutu hata kuliandika neno lake?

Sheria za siku hizi, kwa njia yake, zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, kwa sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, kasoro ikidhihiri ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe kinyume chake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2019, ukaufanya muda huo kuwa mwaka mmoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, humpa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaoridhisha. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume iliyoundwa kwayo, na ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyofuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893, ambayo haikumwacha mnunuzi uchi. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", ambayo wauza duka huyapiga chapa chini ya risiti, hayakutungwa na Bunge.

Lakini sheria hiyo ya asili ya Kiingereza ina mtego wake, na mnunuzi mvivu hunaswa humo: ukiikagua bidhaa wakati wa kununua, huwezi baadaye kulalamikia aibu ambayo ukaguzi wako ulipasa kuifichua. Kwa hiyo kishikwambi kitolewe ndani ya boksi palepale dukani, kilazwe juu ya kioo cha kaunta, kiguswe pembe zote nne, kisha kiinuliwe usawa wa jicho na kutazamwa ubavuni kuelekea mwanga. Na namba yake ilinganishwe na ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Ulizia pia dhamana ni ya wapi. Mali nyingi hutufikia kwa njia ya Dubai, na makampuni mengi huifunga dhamana kwa nchi au eneo ambalo kifaa kilikusudiwa kuuzwa, hata ukajikuta una kadi halali ambayo wakala wa mjini kwako hana wajibu nayo. Na siku utakapouona mpindo, piga picha siku hiyo hiyo ukiwa umekiweka juu ya kitu kilichonyooka, wala usimpelekee fundi wa mtaani akufungulie, maana wakala akikuta kimefunguliwa utakuwa umempa kisingizio kingine juu ya kile alichokuwa nacho.

Mimi nilirudi kwa wakala yule siku ya tatu. Nilimwambia kijana kwamba sikuja kugombana, na kwamba nimeikubali kauli yake, ila naomba aiandike: kwamba yeye, kwa jina lake kamili, amekikagua kishikwambi hiki, amekipima kwa kipimo fulani, na amethibitisha kuwa kimekaliwa, kisha atie sahihi na mhuri wa duka. Nikamsogezea karatasi na kalamu. Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyokuwa amekitazama kishikwambi, akaingia ndani, akatoka pamoja na mwanamke mmoja wa makamo mwenye miwani, ambaye alikilaza kifaa juu ya kioo, akakigusa pembe, akaubonyeza mgongo wake taratibu kwa kidole gumba, akasema, "Betri hii, baba." Wakaniandikia hati ya kukipokea. Leo ni wiki ya tatu, na bado nasubiri kupigiwa simu.