ADABU ZA KAZI: Kelele Katika Ofisi ya Watu Wengi

Wazee walisema: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Maneno hayo ni ya busara, na watu wengi wafanyao kazi katika chumba kimoja hujifariji kwayo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba ng'ombe aendapo mtoni hana haja ya kusikia neno lo lote, maji yamtosha. Karani sivyo alivyo. Kazi yake huingia kwanza masikioni, ndipo itoke mkononi.

Chukueni mfano wa chumba kimoja huko Kibera, karibu na reli ya zamani iendayo Kisumu. Kuta ni za mabati na paa ni la mabati, na ndani mna meza nne. Wa kwanza hupokea na kutoa pesa kwa simu. Wa pili hupiga nakala. Wa tatu hutunza daftari la chama cha akiba. Wa nne huwajazia watu fomu zao kwa kompyuta. Nje ya dirisha fundi hugonga milango ya chuma, na duka la jirani lina kipaza sauti kisichopumzika.

Siku moja mama mmoja mzee alifika kumwombea mjukuu wake cheti cha kuzaliwa. Karani akamwuliza kwa adabu, "Nyanya, mtoto anaitwa nani?" Naye akajibu, "Halima, mjukuu wangu." Karani akasikia Salima, akaandika Salima. Alipomsomea tena, garimoshi lilikuwa likipita, na yule mama, kwa heshima tu, akaitikia kwa kichwa. Kosa lilijulikana shuleni, cheti kilipotakiwa. Kulisahihisha kulimpotezea siku tatu za kibarua, pamoja na nauli za kwenda na kurudi. Karani hakupoteza hata senti moja.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Mtu husema kwamba kelele zinamwumiza kichwa, na ni kweli. Lakini aumiaye zaidi ni yule aliyesimama mbele ya meza, ambaye hana sauti ya kushindana na nyundo.

Wataalamu hupima kelele kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaribiana hufika kama 60. Ili maneno yasikike barabara, inafaa sauti ya msemaji izidi kelele za mahali hapo kwa desibeli 15 hivi. Kwa sababu hiyo kelele inaweza kuharibu kazi ingawa haijaharibu sikio. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele mahali pa kazi ziliweka mpaka wa 90 kwa muda wa saa 8. Mpaka huo ni wa kulinda sikio lisizibe. Haumhakikishii mtu kwamba Halima hatakuwa Salima.

Tena kuna jambo ambalo tabibu mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, alilieleza mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti yake pasipo kujijua. Basi mwenye simu hupaza sauti amshinde mwenye daftari, mwenye daftari naye humshinda mwenye simu, na kabla ya adhuhuri chumba kizima kimekuwa soko, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Penye wengi pana mengi.

Je, dawa ni nini? Ng'ambo ya Barabara ya Ngong, huko Kawangware, ofisi moja ya namna hiyohiyo ilikuwa na taabu hizohizo, pamoja na honi za matatu tangu alfajiri. Wenye meza wakakaa kikao jioni moja. Walizigawa kelele mafungu mawili: zile zitokazo kwao wenyewe, na zile zitokazo nje. Wakaanza na zao. Simu zikazimwa milio, na mwenye mazungumzo marefu akaagizwa kutoka nje. Mashine ya nakala ikahamishiwa mlangoni. Wakatundika mapazia mazito na kutandika mikeka, kwa maana bati tupu na sakafu tupu hurudisha sauti, bali kitambaa huimeza. Chini ya paa wakapigilia dari, ili mvua isiwanyamazishe watu.

Kwa habari ya fundi wa jirani, mmoja wao alitaka ashtakiwe. Sheria ipo: kanuni za mwaka 2009 zilikataza kelele za kuudhi, na katika mitaa yenye makao na biashara pamoja ziliweka mpaka wa desibeli 55 mchana na 35 usiku. Lakini mwenzao akasema kwamba fundi naye ana watoto, na nyundo ndiyo kalamu yake. Wakamwendea kwa salamu badala ya matusi, na wakapatana kwamba kazi ya kugonga ianze saa saba mchana. Nao fomu zenye majina wakazifanya asubuhi.

Honi za matatu hawakuziweza. Kwa hizo waliweka desturi moja, ambayo haigharimu kitu: kila jina huandikwa kwanza karatasini kwa herufi kubwa, na mwenyewe huonyeshwa alisome. Asiyejua kusoma hutajiwa herufi moja moja, mbele ya mtu aliyekuja naye. Kuitikia kwa kichwa hakuhesabiwi kuwa ni jibu.

Yule mama wa Kibera aliitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu yake njema. Ilimpasa karani kuwa na adabu ya kumwuliza mara ya pili, garimoshi lilipokwisha kupita.