Kabla hujamwambia mwanao "ongeza", muulize anaumwa wapi

Baba mmoja aliingia kliniki na kijana wake wa miaka 13. Kijana alinipa shikamoo, akakaa ameegemea upande mmoja. Anacheza besiboli shuleni, hapa Dar es Salaam. Baba alikuwa na swali moja: "Daktari, nimpe chakula gani apate nguvu ya kupiga mpira?" Kila jioni alimsimamia nyumbani azungushe gongo mara 200, lakini mipira haikufika mbali.

Nilimuuliza kijana kama kuna mahali panapomuuma. Alimtazama baba yake kwanza, kisha akashika kiuno. Kilikuwa kinauma kwa wiki tano, na hakuwa amemwambia mtu.

Besiboli bado ni ngeni kwa wengi wetu, ingawa majirani zetu Waganda walipeleka timu ya watoto kwenye mashindano ya dunia huko Marekani mwaka 2012. Mzazi ambaye hakuucheza mchezo huu hushika anachokijua: mtoto afanye zaidi. Mimi naona hapo ndipo tunapowaumiza.

Nguvu ya kupiga huanzia miguuni. Mpigaji huweka uzito mguu wa nyuma, hukanyaga mbele, nyonga hugeuka, kifua hufuata, na mikono huja mwisho. Anayetwanga kwenye kinu analijua hili: ukitumia mikono peke yake, unachoka kabla mahindi hayajakoboka.

Mtoto akichoka, nyonga hazigeuki tena vizuri. Mzigo wote huhamia kiunoni na mikononi. Kwa hiyo, katika zile 200, nyingi za mwisho zinamfundisha kukosea.

Tena mifupa ya umri huo bado inakua. Kujipinda kiuno kila siku kunaweza kutia ufa kwenye pingili ya mgongo. Ukigundulika mapema, mara nyingi hupona kwa mapumziko na mazoezi ya tiba. Mpigaji pia anaweza kuvunjika kifupa kidogo kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, na picha ya kawaida ya eksirei isikionyeshe. Maumivu ya hapo yakiendelea, rudi hospitali hata kama uliambiwa picha ni safi.

Ushauri wangu ni huu. Anza na gongo jepesi. Kama hawezi kulinyoosha mbele kwa mkono mmoja kwa sekunde 20 bila mkono kushuka, ni zito kwake. Weka mpira juu ya kigingi, usawa wa kiuno chake, apige 10 kwa utulivu, apumzike, arudie. Mipira 30 au 40 iliyopigwa vizuri inatosha kwa siku. Ukiona anapiga kwa mikono tu, funga mazoezi hata kama idadi haijatimia. Apumzike angalau siku mbili kwa wiki, na asisimame mbele ya mrushaji bila kofia ngumu.

Maumivu ya kiuno yanayozidi wiki mbili, au yanayoongezeka akijipinda nyuma, yanahitaji daktari. Dawa ya kuchua isikucheleweshe.

Kijana yule alikutwa na ufa. Alipumzika miezi mitatu, akafanya mazoezi ya kuimarisha tumbo na nyonga. Aliniambia baadaye kwa nini alinyamaza: aliogopa baba angesema ni mvivu. Baba alikuwa amekaa pembeni, akainamisha kichwa. Hakuwa mkatili. Alimpenda mwanawe, akapima mapenzi hayo kwa hesabu ya mazoezi.

Walipokuja mara ya mwisho, baba hakuuliza habari ya chakula. Aliuliza: "Daktari, tunaweza kuanza na mipira kumi?"

Nawe leo jioni, kabla hujamwambia wako "ongeza", muulize anaumwa wapi. Kisha nyamaza, umpe nafasi ajibu.