Mbolea Itokanayo na Upepo: Neema Hii ni ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, mwaka 2022 wakulima wa mpunga walionja ukali wa bei ya mbolea. Katika soko la dunia yurea ilipanda zaidi ya mara 3 kulinganisha na mwanzo wa 2021. Yurea hutengenezwa kwa amonia, na amonia nyingi hutokana na gesi asilia. Gesi ilipopanda Ulaya, kisha ikaja vita ya Urusi na Ukraine, mzigo ukamfikia hata mkulima wa Cheju asiyehusika na lolote.

Sasa inasemwa kwamba upepo utatuondolea mzigo huo. Tutazame kwanza jambo lenyewe, kisha hukumu yake.

Amonia ni naitrojeni na hidrojeni zilizounganishwa. Naitrojeni ni takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Hidrojeni imo ndani ya maji, na umeme ukipitishwa humo huitenga na oksijeni. Umeme huo waweza kutoka kwenye mitambo ya upepo, khasa usiku, watu wamelala na umeme hauna mnunuzi. Gesi hizo mbili hukutanishwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, ikapatikana amonia.

Hili limeshafanyika. Huko Morris, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kituo cha utafiti wa kilimo cha chuo kikuu kilianza kazi hiyo mwaka 2013 kwa umeme wa upepo. Kiwanda ni kidogo, cha kiasi cha tani 25 kwa mwaka, na nia yake ni mbolea ya wakulima wa pale pale. Oman, waliko jamaa zetu wengi, kuna njia nyingine. Kusi linalopita kwetu ndilo linalofika Dhofar, na huko mitambo ya megawati 50 inafanya kazi tangu 2019. Mwaka 2022 ikaundwa Hydrom kusimamia miradi ya hidrojeni, na sehemu kubwa ya matumaini yake ni kuuza nje.

Kisheria, asili ya mambo kama haya ni uhalali, na kuacha neema ipotee ilhali wapo wenye haja kunakaribia israfu. Lakini upepo hakuupanda mtu. Wanazuoni wetu walihesabu maji, malisho na moto kuwa ni vitu vya kushirikiana watu wote, nasi tunaona upepo una kiasi hicho hicho. Mwenye mtambo ana haki ya ujira wa mali na kazi yake. Hana haki ya kumsahau mwenye ardhi.

Kisha kuna madhara. Tani 1 ya amonia hula takriban tani 1.6 za maji safi. Visiwani kwetu, kisima kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi, na anayeteseka ni mama mwenye ndoo. Amonia yenyewe ni sumu ikivuja. Na kuifanya yurea ya mfukoni kunahitaji pia hewa ya ukaa, kwa hiyo upepo peke yake hautoshi.

Tukumbuke pia kwamba umeme wetu mwingi huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara. Ziada bado hatuna. Kwa mujibu wa fiqhi ya vipaumbele, umeme wa kwanza ni wa pampu ya maji na wa hospitali.

Basi akija mwekezaji na habari hizi, tusimkatae wala tusishangilie. Tumuulize matatu: Umeme ni wa ziada kweli, au ni wa majumbani mwetu? Maji ni ya bahari yaliyosafishwa, au ya visima vyetu? Na mkulima wetu ana fungu gani lililoandikwa kwenye mkataba? Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wenye kuuliza hayo kabla ya kutia saini.

Wallahu a'lam.