Turudishe mchakamchaka, saa zibaki mezani

Wacha niseme wazi tangu mwanzo ili tusipotezeane muda. Kama umechoka na kukimbia, yaani umechoka mpaka ukiziona raba zako pale mlangoni moyo unashuka, usijikaze. Na usiache kabisa pia. Punguza. Punguza kwelikweli, hadi uone aibu kidogo, kisha ukae hapohapo kwenye hiyo aibu wiki kadhaa.

Naandika hili kwa sababu tangu tufanye kile kipindi cha afya, meseji zinazoingia zinafanana mno. Mmoja anasema alikuwa anakimbia mara tano kwa wiki, sasa ana miezi mitatu hajatoka. Mwingine kapata nafasi ya marathoni, kalipia, kawatangazia watu wote, na kila siku ya mazoezi anaamka akitamani mvua inyeshe. Ukikaa Uingereza unajua hilo ombi linajibiwa haraka.

Siku hizi kukimbia kumekuwa kama kitambulisho. Zaidi ya watu milioni 1.1 waliomba kwenye bahati nasibu ya London Marathon ya 2026. Milioni! Kila ukifungua simu kuna mtu anaonyesha ramani ya alipopita na dakika alizotumia. Sina ugomvi na hilo, watu kuwa na afya ni jambo zuri. Ila kwetu sisi, watoto wa nyumba za Kiswahili huku nje, kuna ya ziada mawili.

La kwanza mnalijua. Ukisema tu kazini kwamba unakimbia, na jina lako ni hilo ulilonalo, mtu anacheka, “Aa, kumbe liko kwenye damu!” Ukiwa Mkenya utaulizwa kuhusu Kipchoge. Ukiwa Mtanzania au Mkongo utaulizwa kuhusu Kipchoge vilevile, kwa sababu nani ana muda wa ramani. Kumbe babako alikuwa karani Mombasa na maisha yake yote hajakimbia ila kukimbilia matatu. Lakini neno limeshakuingia, na siku unayoenda polepole unajiona umewaangusha watu milioni mia ambao hata hawajui kama upo.

La pili ni la nyumbani. Sisi tumelelewa na ripoti ya shule. Wazazi walikuja huku wakafanya kazi mbili, na shukrani pekee tuliyofundishwa kuitoa ni matokeo. Kwa hiyo hata kitu tulichokianza kwa kujifurahisha tunakigeuza mtihani. Mwezi wa kwanza unakimbia kwa raha, wa pili unanunua saa, wa tatu una jedwali la mazoezi la wiki 16 kwenye friji, na ukikosa Jumanne moja unajisikia kama umefeli hesabu.

Na hapa lazima nimguse John Stephen Akhwari, najua nitaitwa pembeni na wazee. Nani kati yetu wa Tanzania hajasimuliwa habari zake? Mexico, Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki. Akaanguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni habari kubwa, na mimi nikiisikia bado nywele zinasimama. Lakini nyumbani kwetu imetumika kama fimbo: unalalamika mguu, unaambiwa Akhwari. Unasema umechoka, unaambiwa Akhwari.

Sasa hawasimulii kilichofuata. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni akashika nafasi ya tano. Mtu hafiki huko kwa kukimbia kila asubuhi na goti lililoharibika. Yule mzee alijikaza siku moja, kwenye mashindano makubwa kuliko yote, akiwa amevaa jina la nchi. Wewe ni Jumanne, kuna manyunyu, na unazunguka maegesho ya supamaketi. Mambo mawili tofauti haya.

Tuje kwenye uchovu wenyewe, kwa sababu watu wanachanganya. Kuna uchovu wa mwili na kuna uchovu wa moyo, na mara nyingi huja wameshikana mikono. Wa mwili una dalili zake: unalala saa nane na kuamka kama hukulala, mapigo ya moyo asubuhi yako juu kuliko kawaida yako, mwendo uleule unahisi mzito, mafua hayaishi, na nyumbani wanaanza kusema una hasira za bure. Wa moyo ni rahisi kuutambua: unaweza kukimbia, ila hutaki.

Kabla hujasema “nimechoka na mbio tu”, nenda kapime damu. Hili nasema kwa msisitizo, hasa kwa dada zangu. Upungufu wa madini ya chuma huwapata sana wanawake wanaokimbia, na unachosha hivyohivyo. Muulize daktari apime na akiba ya chuma, ile wanayoiita feritini. Na vitamini D: ushauri wa serikali ya Uingereza ni kwamba kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku, na wenye ngozi nyeusi kama zetu wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima, maana jua la huku halitutoshi. Wangapi kati yenu mnameza? Nilidhani.

Na jambo lingine ambalo hatulizungumzi vizuri kwenye nyumba zetu. Ukiwa mwanamke, ukaongeza mbio, ukapunguza kula, na hedhi ikakoma, usifurahie usumbufu kupungua. Mwili unakwambia chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, na mifupa ndo inayolipa. Msichana mmoja wa kundi letu alikaa miezi bila kusema, kwa sababu angemwambia nani, mama? Mfupa wa ugoko ukapata ufa. Sasa yuko vizuri, anakimbia, anakula, na ameniruhusu kuandika hili kwa sharti kwamba nisimtaje na niliandike bila kulizungukazunguka.

Basi, tuseme damu iko sawa na mifupa iko sawa. Imebaki moyo. Hapo ndo nasema turudi kwenye mchakamchaka.

Muulize mzazi wako wa Tanzania neno hilo halafu umwangalie uso. Shule kule, asubuhi na mapema, wanafunzi mistari, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia, miguu inagonga chini pamoja. Ndo hiyo. Sitawadanganya kwamba ilikuwa peponi. Ilikuwa lazima, mwalimu alikuwa na fimbo, na mama yangu anakumbuka baridi kuliko wimbo. Lakini angalia kilichobaki. Leo ukiwa Dar es Salaam au Unguja wikendi asubuhi utawakuta watu wazima barabarani, vikundi vya joging, fulana za rangi moja, wanakimbia polepole wakiimba, hakuna aliyewalazimisha. Wanamaliza, wanakunywa supu. Hakuna anayeuliza umetumia dakika ngapi. Ukiuliza wewe wataona una matatizo.

Na kumbe kuna sayansi ndani yake. Madaktari wana kipimo rahisi cha ukali wa zoezi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hilo ni zoezi la wastani. Ukiweza hata kuimba, ni jepesi. Kwa hiyo mchakamchaka ni zoezi jepesi lililojipima lenyewe, bila betri. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliangalia wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, makasia na kuteleza kwenye theluji wanafanyaje mazoezi, akakuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya taratibu. Hata wale wa Iten tunaoambiwa wako kwenye damu yetu, siku zao nyepesi huanza kwa mwendo ambao mimi na wewe tungewafuata dakika za mwanzo. Sisi watu wa kawaida ndo tunaokimbia kila siku kwa mwendo wa katikati, mgumu wa kutosha kutuchosha na si mgumu wa kutosha kutusaidia.

Kwa vitendo, ningekushauri hivi. Wiki mbili usikimbie kabisa, tembea. Usiogope kupoteza nguvu: siku kumi za mapumziko haziharibu kitu cha maana, na hata baada ya mwezi kinachopotea hurudi haraka kuliko ulivyokijenga mara ya kwanza. Kisha rudi nusu ya ulichokuwa unafanya, siku tatu tu, dakika 20 au 30, na uchanganye na kutembea bila kuona haya. Kaa hapo mpaka siku utakayorudi nyumbani ukitamani ungeendelea kidogo. Usiendelee. Hiyo hamu ibebe mpaka siku inayofuata, ndo mtaji wako.

Saa iache mezani. Najua, najua. Lakini nimeona saa inayomwambia mtu mzima, baada ya kukimbia saa nzima kwenye upepo, kwamba mazoezi yake hayana tija. Kwani aliiuliza? Kama unahitaji kipimo, tumia Kiswahili. Kimbia na mtu mpige soga kwa Kiswahili. Ukiona unasema “kiti yangu” kwa sababu ya kuhema, punguza mwendo. (Kama husema hivyo hata ukiwa umekaa, hilo ni la kipindi kingine.) Ukiwa peke yako, sikiliza zile sauti za WhatsApp za bibi ambazo huna muda nazo. Za bibi yangu hazipungui dakika saba, na theluthi yake ni salamu. Dakika 25 zinaisha huku ukijua nani kaoa, nani kagombana, na bei ya nazi.

Ukitaka watu, parkrun iko bure kila Jumamosi asubuhi. Ilianza 2004 Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Ninachoipendea ni yule mtu wa kujitolea anayetembea nyuma kabisa, ili asiwepo mwingine wa kuwa wa mwisho. Februari 2024 waliondoa kwenye tovuti yao orodha za rekodi za kasi, na watu walikasirika kweli. Mimi naona walifanya vizuri. Muda wako bado wanakupa. Walichoondoa ni ule ubao wa shule unaoonyesha nani wa kwanza darasani, na sisi tunaujua ule ubao vizuri kuliko wengi.

Najua mtakachoniambia. “Sasa mashindano niliyolipia je?” Soma masharti, mashindano mengi yana utaratibu wa kuahirisha. Kama unakimbilia shirika la hisani na shangazi zako wote wameshachangia, ongea na shirika mapema, watu huumwa na kuahirisha kila mwaka. Au nenda ukatembee nusu yake. Shangazi alichangia watoto wenye saratani, hakuchangia dakika zako. “Lakini mimi napenda kushindana.” Sawa, shindana! Kuna watu saa na jedwali ndo raha yao, na hao hawajachoka, kwa hiyo si wao ninaowaandikia. Ninamwandikia yule anayejificha nyuma ya jedwali kwa sababu anaogopa kwamba bila matokeo hana ruhusa ya kufanya kitu.

Kwa nyinyi wa Muscat na Dubai, mna sababu ambayo sisi hatuna. Nyuzi joto 40 na kitu hazibembelezi. Miezi ya joto mnatoka mara baada ya alfajiri au hamtoki, na mwendo lazima uwe wa pole, la sivyo mtaanguka. Msikilizaji mmoja wa Muscat alituandikia kwamba Juni hadi Agosti yeye huogelea tu, hakimbii hata hatua, na Oktoba anaanza upya kama mtoto. Kila mwaka. Ana miaka tisa anakimbia na hajawahi kuchukia. Huku kwetu hakuna kinachotulazimisha kusimama, ndo maana tunasimama tukiwa tumeshavunjika.

Sisi wa Birmingham tumeanza ya kwetu. Jumapili, saa tatu asubuhi, na naomba msinichanganye, ni saa tatu ya Kiswahili, ile simu yako inayoiita tisa. Njia ya kando ya mfereji, kilomita nne, kwenda na kurudi. Wimbo anaanzisha yeyote, sauti si lazima iwe nzuri, na tumeshakubaliana kwamba kaka mmoja, jina nalihifadhi, hataanzisha tena. Wenye mbwa huku wanatusalimia sana. Mama amesema yeye mchakamchaka alishamaliza wake tangu darasa la saba, hakimbii, ila atakaa kwenye benchi na chupa ya chai ya tangawizi, na vikombe mje navyo wenyewe.