Staa Wetu, Giaboksi Haikufa! Mwombe Mzee wa Watu Radhi

Wadau, leo sina umbea. Nina hasira.

Ile klipu wote mmeiona. Staa wetu mmoja, jina kapuni ila watoto wa mjini mnamjua, kasimama gereji mchana kweupe, simu mkononi, anamrekodi fundi mtu mzima mwenye mvi zake. "Huyu mzee kaniulia giaboksi!" Mzee anajaribu kueleza, jamaa anamkatisha. Komenti zikafurika: mwizi, tapeli, kanjanja. Mpaka jioni hukumu ilishatoka, na wengi walioitoa hawajawahi hata kukanyaga klachi.

Na mimi simo salama. Niliirusha kwenye magrupu nikicheka. Baadaye ndo nikatulia, nikairudia mara tano. Nakwambia hivi: klipu yenyewe inamtetea mzee.

Tuanze mwanzo. Gari ni lile lile analotuposti kila wikendi, la zamani la Kijapani. Lilikuja oto, yeye akataka ligeuzwe manyuali. Sasa kazi hiyo siyo kubandika giaboksi tu. Unafunga pedali ya tatu, silinda ya juu inayosukumwa na hiyo pedali, paipu ya mafuta, halafu silinda ya chini pale kwenye giaboksi, ambayo ndiyo inasukuma foku ya klachi. Mfumo mzima mpya, na mfumo mpya unakuwa na hewa ndani. Lazima itolewe. Kwa nini? Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Ukikanyaga pedali, nguvu yako inaishia kuibana ile hewa. Klachi haiachii yote, injini inaendelea kuzungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi, na gia inagoma kuingia. Basi.

Haya, rudi kwenye klipu. Mwanzoni injini imezimwa. Jamaa anaingiza moja, mbili, tatu, zote zinaingia laini kabisa. Anawasha, gia inagoma. Kwa hasira anaipampu pedali haraka haraka mara tatu nne, na moja inaingia! Kisha anaigeukia kamera na kutuambia giaboksi imekufa.

Kaka, umejitolea ushahidi mwenyewe.

Gia zikiingia injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inaunguruma, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi. Pedali ikipampiwa ndipo gia ikubali, hapo unatafuta hewa kwenye paipu, mafuta yaliyopungua kwenye kopo, au silinda inayovuja. Zingekuwa zinagoma hata injini imezimwa, tungeangalia mkono wa gia, bushi zilizokwisha, waya au fimbo zilizofungwa vibaya, ndipo tufikirie ndani ya giaboksi. Ingekuwa gia moja tu ndiyo inakwaruza, tungeshuku sinkronaiza ya gia hiyo. Maswali hayo unayauliza kabla hujashusha nati hata moja, na hayagharimu hata mia.

Na mzee alikuwa anajua! Ongeza sauti utamsikia: "Niache nitoe upepo kwanza." Jamaa akacheka, na sisi tukacheka naye, tukafanya ndiyo utani wa wiki. Kumbe kutoa upepo ndiyo dawa yenyewe. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko uvunguni analegeza nati ndogo ya silinda ya chini, mafuta yanatoka na mapovu, anakaza kabla pedali haijaachiwa. Mnaongeza mafuta kwenye kopo, mnarudia mpaka mapovu yaishe. Mafuta yenyewe ni yale yale ya breki. Huo ndo "ujinga wa kizamani" mlioucheka.

Najua mtaniambia mafundi wezi wapo. Wapo, sibishi. Mimi nimeshauziwa klachi pleti "mpya" iliyopigwa brashi tu. Wapo wanaokushushia giaboksi kabla hata hawajafungua boneti kutazama kopo la mafuta. Ila hapo hapo ndipo unamjua tapeli: anakimbilia kukuuzia kitu kikubwa. Fundi anaanza na kidogo, akikosa ndo anapanda. Mzee alitaka kuanza na kidogo. Aliyekuwa anapiga kelele za giaboksi nyingine ni staa, tena mbele ya kamera, maana giaboksi iliyokufa inaleta kiki na povu kwenye paipu halileti.

Sasa kilichoniudhi kuliko vyote. Juzi kaposti gari linatembea, matairi yanatoa moshi, anaishukuru gereji mpya. Mtu kamuuliza kwenye komenti tatizo lilikuwa nini. Akajibu: "Ilikuwa klachi tu."

Klachi tu! Na ile klipu ya mzee bado ipo, inazidi kula views.

Nilipita gerejini kwa mzee. Pale palipokuwa hapana pa kupaki palikuwa na magari mawili, moja halina injini. Vijana wawili wanaojifunza kazi kwake wamekalia matairi, hawana cha kushika. Nikamsalimia, nikamwambia nataka anieleze upande wake. Akaniangalia mikono kwanza. "Mwanangu, na wewe umekuja na kamera?" Hakusema zaidi ya hapo, akarudi ndani.

Kwa hiyo staa wetu, hatukuombi hela. Futa ile klipu. Halafu simama pale pale gerejini, simu ile ile, useme kwa mdomo ule ule: nilikosea, ilikuwa klachi, mzee hakuua kitu. Umetumia dakika mbili kumharibia jina, tumia dakika mbili kumrudishia.

Na sisi tuliosambaza tusijifanye hatumo. Kama gereji yake iko njiani kwako, mpelekee gari hata kwa kubadilisha oili tu.

Mnasemaje wadau, aombwe radhi au tunyamaze kwa sababu ni staa? Dondosha komenti hapo chini. Matusi baki nayo.