Yule Mweusi Pale

Kithyoko ni soko la kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishaipita Matuu, katika ukavu wa Masinga. Kwenye viwanja vya masoko ya aina hiyo, ambako jezi ni za kuazimana na namba za mgongoni zimefutika, mchezaji huelekezwa kwa umbo lake. Mkabe yule mrefu. Mweupe asigeuke na mpira. Huyo maji ya kunde wa pembeni mwacheni, mguu wake wa kushoto ni wa kutembelea tu. Hakuna anayeshtuka wala anayekwenda kushtaki kwa chifu, kwa kuwa kila aliye uwanjani ana rangi yake ya kutajwa, na rangi yenyewe hubadilika kulingana na aliyesimama karibu. Kijana anayeitwa mweupe Kithyoko angeshuka kwenye ndege Paris akajikuta ni mweusi, na ngozi yake haijabadilika hata chembe. Swali la kama kumtaja mtu kwa rangi michezoni ni ubaguzi huulizwa kana kwamba lina jibu moja popote duniani. Nadhani halina, ila zipo njia za kupambanua pale rangi inapotajwa kwa haki na pale inapotajwa kwa dhuluma.

Kisa kinachorudiwa kila mjadala huu unapozuka kilitokea Paris, uwanja wa Parc des Princes, tarehe 8 Desemba 2020. Paris Saint-Germain ilikuwa ikicheza na Istanbul Basaksehir katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, na ukimya huo ndio uliofanya neno lisikike. Benchi la Basaksehir lililalamika, na mwamuzi wa nne, Mromania Sebastian Coltescu, akataka refa mkuu, Mromania mwenzake Ovidiu Hategan, amwadhibu kocha msaidizi Pierre Webo, raia wa Kameruni. Ili Hategan ajue ni nani hasa kati ya wale waliosimama, Coltescu alimwambia kwa Kiromania kwamba ni yule mweusi. Webo akawaka, akaonyeshwa kadi nyekundu. Demba Ba, aliyekuwa mchezaji wa akiba wa Basaksehir siku hiyo, akamkabili mwamuzi na kumuuliza kwa nini hasemi "yule mweupe" anapomtaja mweupe, ila akifika kwa mweusi ndipo rangi inapotajwa. Timu zote mbili zikatoka uwanjani ikiwa bado 0-0. Mechi ilimaliziwa kesho yake chini ya waamuzi wengine na PSG ikashinda 5-1, matokeo ambayo leo ni wachache wanaoyakumbuka.

Wanaomtetea Coltescu wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Neno alilotumia, *negru*, ndilo neno la kawaida la rangi nyeusi katika Kiromania, kama vile sisi tusemavyo meusi kwa makaa na kwa mawingu. Hakulitamka kwa dharau, na alikuwa na haraka ya kazi. Kuna watu walioadhibiwa kwa maneno ambayo katika lugha yao ni ya upendo: mwaka huohuo Edinson Cavani wa Manchester United alimshukuru rafiki yake mtandaoni kwa kumwita *negrito*, jina la kubembelezana kwao Uruguay, na chama cha soka cha Uingereza kikamfungia mechi 3 na kumtoza faini ya pauni 100,000. Ukipima neno kwa kamusi pekee, wote wawili hawana kosa, na kwa Cavani mimi naona adhabu ilikuwa ya watu waliosoma herufi bila kusikia sauti. Lakini Ba hakuuliza neno lina maana gani. Aliuliza linatumiwa kwa nani. Wazungu kwenye benchi lile wangetambulishwa kwa cheo, kwa upara au kwa koti, maana kila mmoja wao alichukuliwa kuwa ni mtu mwenye sura yake. Webo, aliyechezea timu ya taifa ya Kameruni na klabu kadhaa za Hispania na Uturuki, alitosha kuwa rangi. Hapo ndipo Paris inapoachana na Kithyoko. Kwenye uwanja wa sokoni rangi ni alama moja kati ya nyingi, na kila mtu huipata zamu yake. Kwenye benchi la Paris zamu ilikuwa ya mmoja tu.

Hata hivyo kipimo hicho cha zamu hakitoshi, kwa sababu madhara makubwa ya rangi michezoni hayajatokana na kuonyeshana vidole. Yametokana na kuifanya rangi kuwa sababu. Mwaka 1941 kocha mashuhuri wa riadha wa Marekani, Dean Cromwell, aliandika kwamba mweusi ana kasi kwa kuwa si zamani sana uhai wake msituni ulitegemea kukimbia na kuruka. Ilikuwa imani iliyoenea siku hizo kwamba mweusi ni wa mbio fupi, hana pumzi wala utulivu wa kupanga mbio ndefu. Basi Mexico, Oktoba 1968, Naftali Temu akachukua dhahabu ya mita 10,000, Kipchoge Keino ya mita 1,500, na Amos Biwott ya kuruka viunzi na maji mita 3,000. Ungetarajia waliokuwa na nadharia ile waone haya. Wapi! Nadharia iligeuzwa tu kama koti: mweusi yuleyule akawa ameumbwa kwa mbio ndefu, na mabingwa wetu wakaanza kuelezwa kwa miguu yao myembamba, hewa ya milimani na damu ya ukoo, kama kwamba hawaamki alfajiri kufanya mazoezi. Maelezo yanayoweza kuthibitishwa na jambo pamoja na kinyume chake hayaelezi kitu.

Machakos, kaunti iliyo na Kithyoko, ina ushahidi wake dhidi ya maelezo hayo. Cosmas Ndeti alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau aliweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38. Wote ni wana wa Machakos, hawakuzaliwa Iten penye mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wala si Wakalenjin. Lakini mtazamaji wa mbali akiona kundi la mbele anaona "Wakenya", au "Waafrika" kwa jumla, wanaosogea pamoja kama kundi la swala, na majina yanabaki kwa yule Mzungu aliye nafasi ya tisa. Mwaka 2019 waandaaji wa nusu marathoni ya Trieste, Italia, walitangaza kwamba hawatawaalika wakimbiaji wa Afrika. Sababu waliyoitoa ilikuwa njema masikioni: ati mawakala wanawanyonya vijana hao kwa malipo duni. Ghadhabu zilipopanda waliurudisha uamuzi nyuma. Angalia kwamba hakuna aliyetamka neno mweusi. Kama kunyonywa ndiko kulikowauma wangewafungia mlango mawakala, wakawaongezea wakimbiaji malipo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaodhani dawa ni kufuta maneno ya rangi vinywani. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat ya Denmark ilichambua kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi kuu za Uingereza, Italia, Hispania na Ufaransa. Watangazaji walizungumzia nguvu za mwili mara 6.59 zaidi kwa wachezaji wenye ngozi ya weusi zaidi, na katika sifa za akili, asilimia 62.60 ziliwaendea wenye ngozi ya weupe zaidi. Hao ni watu waliofundwa kazi, na haielekei kwamba kuna aliyesema kabumbu la fulani ni la nguvu kwa kuwa ni mweusi. Rangi ilikuwa imepanga sifa kabla mdomo haujafunguka. Mtangazaji wa namna hiyo hawezi kupewa kadi na mwamuzi yeyote, na bado amemdhuru kijana kuliko Coltescu, kwa sababu kocha anayesikia "nguvu" kila wiki hatamjaribu kama kiungo wa kupanga mchezo.

Sasa turudi nyumbani, ambako tuna desturi ya kulaani ya Paris huku yetu imekaa kimya mezani. Kiswahili kina neno mzungu, na wengi hulitetea kwa kusema halitaji rangi kabisa, linatokana na kuzunguka. Ni kweli halitaji rangi. Mmarekani mweusi akifika Nairobi na mkoba mgongoni huenda akaitwa mzungu pia. Lakini tazama linavyofanya kazi kwenye kurasa za michezo. "Kocha mzungu" humaanisha nidhamu, mbinu na mshahara wa kutetemesha, na "kocha mzalendo" humaanisha mtu wa kushikilia usukani mpaka mzungu apatikane. Hapo rangi imekuwa cheti. Na cheti chenyewe hakilingani na matokeo: Harambee Stars imeshinda mechi 2 tu katika fainali zote za Kombe la Mataifa ya Afrika ilizowahi kucheza. Moja ni ya 3-0 dhidi ya Burkina Faso mwaka 2004, chini ya Jacob Mulee, tunayemwita Ghost. Nyingine ni ya 3-2 dhidi ya Tanzania mwaka 2019, chini ya Mfaransa Sebastien Migne. Moja kwa moja. Anayetaka kuthibitisha ubora wa rangi kwa hesabu hiyo atahitaji mechi za ziada na penalti.

Zito kuliko hilo ni neno Mhindi. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo, Barcelona, mwaka 1971. Avtar Singh Sohal alichezea Kenya katika Olimpiki nne. Joginder Singh alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Haya ni mafanikio ya taifa, ila waulize Wakenya walio chini ya miaka hamsini utakuta magongo yamewekwa kando kama habari za jamii fulani, tofauti na Keino ambaye ni wetu sote. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na hata tangazo hilo la heri lilikuwa kukiri kwamba kwa zaidi ya nusu karne hawakuwa wamehesabiwa. Mwogeleaji Jason Dunford, aliyefika fainali ya mita 100 za kipepeo Beijing mwaka 2008 akiwa Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea katika Olimpiki, alitajwa mara ngapi bila kuongezwa kwamba ni mzungu? Swali la Demba Ba linatufaa sisi wenyewe. "Mkenya" pasipo nyongeza ni mweusi. Wengine hupewa rangi ndipo wapewe uraia.

Nitaambiwa kwamba mizani haiko sawa: Mzungu hajawahi kuvishwa kipande cha mkoloni shingoni, na mambo ya rangi hapa si sisi tulioyapanda. Ni kweli. Kriketi ya kikoloni ilipanga hata timu kwa rangi, na katika miaka ya 1930 pambano la Wazungu dhidi ya Wahindi likawa la kila mwaka Nairobi, ambamo Mwafrika hakuwa na upande wowote. Neno "mweusi" lina mzigo ambao neno "mzungu" haliujui, na ndiyo maana Webo aliumia kwa namna ambayo Migne hangeumia akiitwa mzungu mtaani Kasarani. Lakini uzito wa dhuluma hauamui kama ni dhuluma. Barabara ileile ipitayo Kithyoko inaendelea hadi Garissa, na mabasi yanayopita hapo hubeba Wasomali wa Kenya ambao mwaka 1989 serikali yao wenyewe, ya watu weusi kama wao, iliwapanga foleni ili wathibitishe kuwa ni raia, kwa sababu ya nywele, pua na rangi. Kumwelekeza mtu kwa sura yake uwanjani na kumsimamisha kwa sura yake kizuizini ni vitendo viwili, ingawa maneno yanaweza kuwa yaleyale. Cha kwanza hukoma mpira ukishatoka nje.

UEFA ilimfungia Coltescu mpaka mwisho wa msimu na kumwamuru ahudhurie mafunzo, ikihesabu kosa lake kuwa mwenendo usiofaa na si ubaguzi. Wengi waliona ni kumhurumia. Mimi naona walimhukumu sawasawa, kwa sababu alikosa katika kuonyesha, hakuifanya rangi kuwa hoja. Hakusema Webo alilalamika kwa kuwa ni mweusi. Angesema hivyo, mwaka mzima nje usingemtosha. Na mafunzo aliyopelekwa yangefaa kufunguliwa tawi Kenya, yaanze na meza za watangazaji wa mbio za magari. Mwaka 2023 Karan Patel alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari, gari lake likipeperusha bendera ya Kenya, na kwenye stendi za matatu za Machakos habari hiyo ilisikika kwa kifupi: yule Mhindi ameshinda tena.