Shilingi ya simba: Bei ya fedha inapopanda duniani, Arua na Koboko zinapoteza nini?

Mwezi Oktoba 2025, bei ya madini ya fedha katika soko la dunia ilivuka dola 50 kwa aunsi moja na kuivunja rekodi iliyodumu tangu Januari 1980. London na New York zilisikia habari ya wawekezaji. Katika Jiji la Arua na mji wa Koboko, habari hiyo hiyo inahusu sanduku la bibi.

Ndani ya masanduku ya bati, na wakati mwingine katika fundo la kitambaa lililofichwa chini ya nguo za sikukuu, baadhi ya familia za West Nile bado zinahifadhi shilingi za zamani za Afrika Mashariki: zile zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza upande mmoja na simba aliyesimama mbele ya milima upande wa pili. Wapo waliozipata kama urithi, wapo waliozipokea kama sehemu ya mahari, na wapo waliozifukua walipokuwa wakilima. Bei ya fedha ikipanda, wanunuzi huongezeka, na swali la kila nyumba huwa moja: nikiuza, nauza nini hasa?

Kiswahili chenyewe kinatutatiza hapa. Neno "fedha" ni madini na ni pesa pia. Sisi tunaotafsiri habari hulazimika kuandika "madini ya fedha" ili msikilizaji asidhani kwamba pesa zenyewe ndizo zilizopanda bei. Utata huo umebaki katika lugha tangu zama ambazo pesa na madini vilikuwa kitu kimoja, na kwa West Nile zama hizo haziko mbali.

Bendera tatu katika miaka 20

Ardhi ambayo leo ni Arua na Koboko ilikuwa katika eneo la Lado, ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikodishwa mwaka 1894. Leopold alipofariki Desemba 1909, eneo hilo likarejeshwa kwa utawala wa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa safari hiyo alibadilishiwa bendera mara tatu kabla ya kufikisha miaka 21, bila kuhama kijiji chake.

Kwa Wanubi, sarafu ina kumbukumbu nzito zaidi. Mababu wa wengi wao walikuwa askari wa Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891 ili watumikie upande wa Uganda. Miaka sita baadaye, mwaka 1897, sehemu ya askari hao waliasi. Walichoshwa na safari zisizokwisha, lakini walilalamika pia kuhusu mshahara: ulikuwa mdogo, ulichelewa, na mara nyingi ulilipwa kwa nguo badala ya sarafu. Kwa watu hao, kulipwa fedha mkononi lilikuwa suala la heshima.

Sarafu ya siku hizo ilikuwa rupia. Mwaka 1920, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mjini London mwishoni mwa 1919, rupia iliondolewa na mahali pake pakaingia fiorini. Fiorini haikukaa. Tangu mwanzo wa mwaka 1922 shilingi ikawa ndiyo kipimo cha pesa, shilingi mbili kwa fiorini moja na shilingi 20 kwa pauni. Shilingi hiyo ya simba ikadumu hadi baada ya uhuru, wakati Benki Kuu ya Uganda ilipofunguliwa mwaka 1966 na kutoa shilingi ya taifa.

Ndani ya shilingi mna nini?

Wengi hudhani kwamba shilingi ya simba ni fedha tupu. Sivyo. Shilingi zilizopigwa chapa kuanzia 1921 hadi 1946 zina uzito wa karibu gramu 7.8, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha. Robo tatu zilizobaki ni shaba na metali nyingine. Zinahitajika shilingi 16 ili kupata aunsi moja ya fedha, yaani gramu 31.1.

Kuanzia 1948, fedha iliondolewa kabisa. Shilingi za mwaka huo hadi 1952 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mtego uko hapo, kwa sababu simba ni yule yule, ukubwa ni ule ule, na uzito karibu haukubadilika. Hata sumaku haisaidii, kwa kuwa hainasi shilingi ya fedha wala ile ya shaba na nikeli. Kinachotofautisha ni mwaka ulioandikwa upande wa simba. Upande wa mfalme nao una dalili: maneno yanayomtaja kuwa mtawala wa India yapo kwenye shilingi za hadi 1946, na hayapo kwenye zile za 1948, kwa sababu India ilikwisha kujitawala mwaka 1947.

Tuchukue dola 50 kwa aunsi kama kipimo cha hesabu tu, maana bei hubadilika kila siku. Kwa kipimo hicho, fedha iliyomo katika shilingi moja ya simba ina thamani ya dola 3 na senti chache. Fiorini ya 1920 au 1921, ambayo nusu yake ni fedha, ina madini ya dola 9 hivi. Rupia ya zamani, ambayo zaidi ya asilimia 91 yake ni fedha, inafika dola 17. Shilingi ya 1948 au 1952 haina fedha hata chembe.

Hesabu hii inamlinda muuzaji, na inamtendea haki mnunuzi pia. Sonara anayenunua ili ayeyushe hawezi kulipa dola 3 kamili. Kuitenga robo ya fedha na robo tatu za shaba ni kazi yenye gharama, na naye anatafuta riziki. Akitoa pungufu kidogo, hajaiba. Lakini akinunua rupia na fiorini kwa bei moja na shilingi, kwa hoja kwamba "zote ni sarafu kuukuu", hapo muuzaji amepunjwa mchana kweupe.

Bei mbili za sarafu moja

Bei ya madini ni sakafu. Juu yake kuna bei nyingine, ya wakusanyaji: watu wa London, Nairobi, Johannesburg na kwingineko wanaotafuta mfululizo kamili wa sarafu hizi, mwaka baada ya mwaka. Wao hawanunui uzito. Wananunua uchache na hali ya sarafu.

Uchache husomwa katika alama ndogo sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa West Nile walipoingia jeshi la King's African Rifles, baadhi ya shilingi zilipigwa chapa mbali na Uingereza. Herufi I inaonyesha Bombay, SA inaonyesha Pretoria, na H ni ya kiwanda cha Birmingham. Mkusanyaji huzitafuta herufi hizo kwa lenzi, kwani mwaka mmoja wenye herufi tofauti kwake ni sarafu mbili.

Hata hivyo, ajabu ya sarafu si ushahidi wa uchache wake. Mfano mzuri ni senti 10 ya mwaka 1936 yenye tundu katikati. Ina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti kabla hata ya kutawazwa, na ni katika sarafu chache duniani zilizotolewa kwa jina lake. Aliyenayo anaweza kudhani ameshika utajiri. Lakini zilipigwa kwa wingi, si za fedha, na wakusanyaji huzipata kwa bei ndogo. Shilingi za simba nazo, zile za kawaida zilizochakaa mifukoni, hazizidi sana thamani ya madini yake. Zinazopanda bei ni zile ambazo karibu hazikutumika, ambazo manyoya ya simba bado yanahesabika, na zile za miaka michache ambayo chapa yake ilikuwa ndogo.

Kwa sababu hiyo, kosa kubwa hufanyika nyumbani, kwa nia njema, kabla mnunuzi hajafika. Mtu huichukua sarafu na kuisugua kwa majivu, mchanga au dawa ya meno ili ing'ae. Ule weusi alioufuta ndio ulioilinda, na mikwaruzo aliyoiacha haitoki tena. Mkusanyaji huitambua sarafu iliyosuguliwa mara moja na kuishusha hadi bei ya kuyeyusha. Tundu la mkufu nalo humwondoa mkusanyaji, ingawa fedha iliyobaki haipotezi thamani yake kwa sonara.

Mwaka 1780 usikudanganye

Ipo sarafu nyingine inayojulikana kuanzia Sudan na Ethiopia hadi Zanzibar: reale ya Maria Theresa, kubwa na nzito, yenye sura ya malkia wa Austria. Ina gramu 28 na zaidi ya asilimia 83 ya uzito huo ni fedha. Kwa kipimo chetu cha dola 50, madini yake yanazidi dola 37.

Kila reale ya aina hii imeandikwa mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika waliizoea kwa sura hiyo na kukataa nyingine, kwa hiyo viwanda vikaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile: Vienna, kisha Roma katika miaka ya 1930, London, Bombay na kwingineko. Vienna inaipiga hata leo. Anayeambiwa kwamba ameshika sarafu ya miaka zaidi ya 240 huenda ameshika kitu kilichotoka kiwandani juzi. Fedha yake ni ya kweli, lakini umri wake hauthibitishwi na tarehe hiyo.

Palipo na utata wa aina hii, matapeli hawakosi. Uvumi wa sarafu zenye "zebaki" ndani au nguvu za kuvuta utajiri umezunguka Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na mwisho wake hufanana: mwenye sarafu huombwa kwanza ada ya ukaguzi, kisha ya kibali, kisha ya usafiri wa mnunuzi kutoka ng'ambo ambaye hafiki. Kanuni ni nyepesi. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi pesa. Na hakuna sarafu ya fedha ya Afrika Mashariki iliyowahi kupata bei kwa sababu ya nguvu za kichawi.

Hasara isiyoonekana kwenye mizani

Koboko iko karibu na mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukutana. Bidhaa huvuka hapo kila siku kwa shilingi, faranga, pauni na dola. Sarafu kuukuu ni ndogo, haiozi, na haihitaji gari. Ikiuzwa leo asubuhi, kesho yake inaweza kuwa nchi nyingine, na wiki ijayo iko kwenye tanuri.

Bei ilipopanda mwaka 1980, sarafu nyingi za fedha duniani ziliyeyushwa, na hakuna aliyeandika zilikotoka. Wimbi la sasa linaweza kufanya hivyo hivyo West Nile. Hapo hasara ni zaidi ya tofauti ya dola mbili tatu. Eneo lililobadilishiwa bendera mara tatu lina kumbukumbu chache zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Rundo la rupia na shilingi lililofukuliwa shambani laweza kueleza nani alilipwa, wapi na lini: askari aliyerudi kutoka Burma, kibarua aliyerudi kutoka mashamba ya miwa ya Kakira au Lugazi, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Sudan. Zikitenganishwa na kuuzwa mojamoja, ushahidi huo hauwezi kurudishwa.

Hapa hatumlaumu anayeuza. Ada ya shule haisubiri historia, na sarafu iliwekwa ili iokoe siku ya shida. Akiba haiozi, na mwenye akiba ana haki ya kuitumia. Linalowezekana ni kuuza kwa macho yaliyofunguka. Soma mwaka na herufi kabla ya kuionyesha kwa mtu. Pima uzito kwenye mizani ya sonara zaidi ya mmoja. Usisugue. Ukifukua nyingi pamoja, ziache pamoja na uwaarifu wahusika wa makumbusho, kwani Makumbusho ya Uganda mjini Kampala ipo tangu 1908 kwa kazi ya namna hiyo.

Na hata ukiamua kuuza zote, piga picha pande zote mbili, kisha keti na mzee aliyekukabidhi. Muulize alizipataje, kwa kazi gani, na mwaka gani, uandike jibu lake kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ya fedha itashuka na kupanda tena, lakini mzee anayekumbuka siku alipolipwa shilingi yake ya kwanza hatabaki nasi siku zote.